Wazee wa Mdachi walivyopigishwa kwata kwa fagio ili walipwe chao

Vuta picha hii, msomaji. Uko Mwanza, mwaka ni 1964, uhuru bado mbichi kabisa. Nje ya ofisi iliyofunguliwa kwa muda tu wamepanga foleni wazee, wengine migongo imepinda, wengine wameshika mabaki ya magwanda yao ya zamani. Ndani amekaa Mzungu wa benki na mshiko wake. Mzee akifika mezani anaulizwa cheti. Cheti hana. Basi anakabidhiwa fagio! Ndiyo, fagio la mpini, si bunduki. Kisha anapigiwa amri kwa Kijerumani: "Achtung!" Na babu wa watu, ambaye amri za namna hiyo kaziacha jeshini miaka 46 nyuma, anakakamaa, anapandisha fagio begani, analishusha, anatoa heshima. Kwata tupu, kama vile jana alilala kambini.

Inasimuliwa kwamba hakufeli hata mmoja. Wakalipwa.

Hawa ndio waliokuwa askari wa Mdachi, wale waliopigana upande wa Mjerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1914 hadi 1918, hapa hapa nyumbani. Vita iliisha wakiwa vijana, na sehemu ya mishahara yao haijalipwa. Walipokuja kuitwa mezani walikuwa mababu. Kati ya hapo wametawaliwa na Mwingereza mwanzo mpaka mwisho, wameona Vita Kuu ya Pili ikianza na kwisha, wameona Nyerere akishika nchi. Deni liko pale pale!

Sasa usidhani haya ni mambo ya Mwanza peke yake. Twende Kagera, wilaya za Biharamulo na Ngara. Wengi wetu wa mjini tunazijua sehemu hizo kwa sababu ya wakimbizi. Aprili 1994 Wanyarwanda kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24, na jina la Benako likawa kila redioni. Au ukitaja vita Kagera, mtu atakupa habari za Idi Amin na mwaka 1978. Sawa, hayo ni ya karibu. Lakini ukifika Biharamulo mjini kuna jengo huwezi kulikosa, boma la Mjerumani, kuta nene, limekaa kama ngome. Limewahi kukarabatiwa likalaza wageni. Watu wanapiga picha pale. Mimi likinijia akilini huwa nafikiria wale waliokuwa wakisimama zamu getini, maana hao hawakuwa Wajerumani. Walikuwa Waafrika wenye bunduki ya Mjerumani.

Mjerumani mwenyewe alikuwa mchache. Mwaka 1894 Count von Götzen alivuka mto Kagera pale maporomoko ya Rusumo akielekea Rwanda, na baadaye akawa gavana wa koloni zima. Huko juu kote, kuanzia Bukoba mpaka Biharamulo, utawala ulikuwa Wazungu wa kuhesabika kwa vidole na kundi la askari nyuma yao. Aliyekusanya kodi ni askari. Aliyeshika kiboko ni askari. Tusiwapake mafuta wazee hawa kwa kuwa walikuja kuwa maskini: mwaka 1905 hadi 1907, wakati wa Maji Maji kule kusini, ni jeshi hili hili lililochoma vijiji na mashamba, na watu waliokufa, wengi wao kwa njaa, wanakadiriwa kati ya 75,000 na 300,000. Kwa hiyo askari wa Mdachi hakuwa mtu wa kuchekewa mtaani. Aliogopwa.

Na alilipwa vizuri. Mshahara wa askari wa kawaida ulikuwa kama rupia 20 kwa mwezi, wakati kibarua wa shamba alikuwa haoni hata nusu yake kwa urahisi. Askari alikuwa na mke, ana nyumba, ana mtoto wa kumbebea vitu. Mtu wa heshima zake. Kijana wa Kinyamwezi au Kisukuma akiiona ile suruali ya kaki na ile kofia, roho inamruka. Nani asiyependa ajira ya uhakika? Hata leo tangazo la kuajiri likitoka, foleni unaijua.

Basi bwana, 1914 vita ikalipuka. Juni 1915 Mwingereza alivuka ziwa na kuivamia Bukoba, akabomoa mtambo wa simu ya upepo wa Mjerumani na kuondoka. Mwaka uliofuata zamu ikawa ya Mbelgiji. Alitokea Congo, akachukua Kigali Mei 1916, halafu akateremka huku kwetu. Juni Biharamulo ikawa yake, na mapema Julai wakapambana vibaya na Wajerumani waliokuwa wakirudi kutoka Bukoba. Septemba Mbelgiji kaingia Tabora. Kwa Mhangaza wa Ngara, kwa Msubi na Mzinza wa Biharamulo, vita ya Wazungu ilikuwa hivyo: leo bendera hii, kesho ile, na kila bendera inayopita inataka chakula na watu wa kubeba mizigo.

Hapo ndipo hela zilipoanza kuwa tatizo. Mjerumani alikuwa amefungiwa bahari na manowari za Mwingereza, sarafu haziingii. Akaanza kuchapa noti za dharura mwenyewe. Mwaka 1916 pale Tabora zikatengenezwa sarafu ndani ya koloni, za shaba na hata za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo (ukiwa nayo leo, ndugu yangu, usiiuze kwa machinga, watoza wa Ulaya wanaililia). Lakini tembo hao hawakumtosha kila askari. Mwanzoni mwa 1916 jeshi lilikuwa na Waafrika zaidi ya 10,000. Kadiri lilivyozidi kurudi nyuma, ndivyo mshahara ulivyozidi kuwa ahadi. Maelfu walitoroka. Ungefanyaje? Huna mshahara, viatu vimekwisha, na kwenu kunazidi kuwa mbali.

Waliobaki walitembea. Walimfuata jenerali wao, Paul von Lettow-Vorbeck, wakavuka Ruvuma Novemba 1917 kuingia Msumbiji, wakarudi, wakaingia Zambia ya leo. Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili nzima baada ya vita kwisha Ulaya, wakaweka silaha chini pale Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala. Waliohesabiwa walikuwa Wazungu 155, askari Waafrika 1,168, na wapagazi wapatao 3,500. Hiyo namba ya mwisho ishike, tutairudia.

Hela za kuwalipa hazikuwepo. Walipewa vyeti: fulani ametumikia, anadai. Karatasi! Wakapelekwa Tabora kushikiliwa na Mwingereza, na homa kali ya mafua ya mwaka ule ikawafyeka wengine hapo hapo kambini. Waliopona wakaenda makwao na karatasi zao. Sasa wewe fikiria karatasi ndani ya nyumba ya nyasi, mvua za masika za Kagera, mchwa, moshi wa jikoni, watoto, panya. Miaka 46. Wewe cheti chako cha kidato cha nne cha juzi tu unakijua kilipo?

Na hata angekitunza, angekipeleka wapi? Zile noti za dharura zilikuwa hazinunui kitu. Miaka michache baadaye rupia yenyewe ikaondolewa, ikaja shilingi. Kule Ujerumani mwaka 1923 fedha iliporomoka hadi watu wakanunua mkate kwa kikapu cha noti. Aliyekuwa akidaiwa alikuwa amefilisika, tena kanyang'anywa koloni.

Hata hivyo kuna mmoja hakukubali kukaa kimya, na kisa chake ndicho kinachonikera kuliko vyote. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed, mtoto wa Dar es Salaam, kazaliwa 1904. Wengi wanamfahamu kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Baba yake, Msudani, alikuwa askari. Vita ilipoanza mtoto ana miaka kama kumi tu naye akaingizwa jeshini. Oktoba 1917 akajeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, kule Lindi, Mwingereza akamkamata. Baba alikufa vitani. Kwa hiyo kijana alikuwa na madai mawili, mshahara wake na wa marehemu baba yake.

Jamaa akafanya ambacho wengi wasingethubutu. Akapata kazi kwenye meli za abiria, na mwaka 1929 akashuka Ujerumani, akafika Berlin, akapiga hodi kwa wakubwa wa mambo ya nje: nimekuja kuchukua chetu. Jibu? Umechelewa, bwana, muda wa madai umepita.

Umechelewa! Mtoto wa miaka kumi aliyebebeshwa vita ya watu wazima anaambiwa hakuwahi dirishani.

Hakurudi. Alibaki Berlin akawa mhudumu katika jumba la starehe maarufu la Haus Vaterland, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza filamu zaidi ya ishirini, nyingi akipewa vile vijinafasi vya mtumishi na mpagazi. Januari 1933 akamwoa Mjerumani, Maria Schwandner, siku tatu kabla Hitler hajashika madaraka. Bahati mbaya kama hiyo hata kwenye sinema usingeiamini. Mwaka 1934 Ujerumani ilipoanza kutoa nishani kwa waliopigana Vita Kuu, akaomba. Akanyimwa. Akajipatia mwenyewe, akawa anaivaa kwenye sherehe za wapenda makoloni, gwanda la askari mwilini. Wapo wanaomlaumu kwa hilo, eti alijidhalilisha. Mimi sina ubavu wa kumhukumu mtu aliyekuwa akitafuta kula katika mji ule, miaka ile, na rangi yake ile.

Mwaka 1941 Gestapo walimkamata kwa kosa la uhusiano na mwanamke wa Kizungu, wakampeleka kambi ya mateso ya Sachsenhausen bila kesi. Alikufa humo tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 Wajerumani waliweka kijiwe chenye bamba la shaba na jina lake kwenye njia ya watembea kwa miguu, mbele ya nyumba aliyokuwa akikaa Berlin, na mwaka 2013 ikatoka filamu juu ya maisha yake. Mshahara wa baba yake hakuupata mpaka kufa.

Turudi Mwanza sasa. Ilikuwaje 1964 Mjerumani akakumbuka? Von Lettow-Vorbeck alikufa mjini Hamburg Machi mwaka huo, ana miaka 93. Mwaka 1953 alikuwa amekuja Dar es Salaam, na wazee wake wakajitokeza kumlaki. Alipokufa, wawili kati ya askari wa zamani walisafirishwa kwa ndege wakamzike. Na mwaka huo huo bunge la Ujerumani Magharibi likapitisha fedha za kulipa malimbikizo ya askari waliokuwa bado hai. Ubalozi wao ukatafuta, ikapatikana hesabu ya kama wazee 350, na ofisi ya malipo ikafunguliwa Mwanza.

Kwa mzee wa pale pale mjini, sawa. Lakini mchukue mzee aliyekuwa akiishi Biharamulo au Ngara. Kwanza habari imfikie, wakati redio ilikuwa ya mwalimu au ya mwenye duka. Halafu nauli. Halafu barabara ya vumbi, na kati yake na Mwanza kuna ziwa. Hilo Daraja la JPM la Kigongo-Busisi tunalojidai nalo limefunguliwa 2025. Mtu ana miaka sabini, anatakiwa afike, asimame foleni, tena awe na cheti! Ndio maana naamini wapo waliozikwa vijijini na deni lao, na Mzungu wa benki hakuwahi kusikia majina yao.

Na mwaka wenyewe, jamani. Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika Rifles, kuanzia kambi ya Colito ambayo sasa ni Lugalo, waliasi. Walikuwa wanataka mishahara ipande na maofisa wa Kiingereza waondoke. Vijana wenye bunduki walifunga njia za Dar, nchi nzima ikatetemeka. Babu zao wa Mdachi kwenye foleni ya Mwanza hawakuwa hata na karatasi ya kushika.

Sasa hili la fagio. Kisa hiki kimeandikwa na kurudiwa sana na Wazungu, na wanakipenda mno. Wanakisimulia kwa macho ya huruma: ona utii ule, ona walivyompenda mkubwa wao, hata amri hawakuzisahau! Mimi nakisoma tofauti kidogo. Mtu hasahau kilichoingizwa mwilini kwa kiboko, na jeshi la Mjerumani lilikuwa maarufu kwa kiboko. Halafu tazama nani anamdai nani. Mwenye deni ndiye aliyepaswa kuwa na daftari. Jeshi linaloandika kila risasi lilishindwaje kuwa na orodha ya watu wake? Badala yake mdai, tena mzee wa watu ambaye mtaani kwao anaamkiwa shikamoo, ndiye anayerushwarushwa na fagio mbele ya kijana wa benki ili aaminike. Mimi babu yangu angefanyiwa hivyo nisingecheka.

Ila nitasema na upande wa pili, maana haki yake apewe. Yule wa benki angeweza kusema "hakuna cheti, hakuna hela," akafunga dirisha, kama Husen alivyofungiwa Berlin. Hakusema. Alitafuta njia, na njia ile iliwafaa watu wasiojua kusoma kuliko fomu yoyote ya nakala tatu. Kuna ofisi nyingi ukienda leo kufuatilia mafao ya marehemu baba utatamani wakupe fagio yaishe.

Mwingereza naye asijicheke. Katika vita ya pili alichukua vijana wetu kwa maelfu akawatia Keya, yaani King's African Rifles, akawapeleka Abyssinia, Madagascar na mpaka misitu ya Burma. Walirudi 1945 na 1946 na kiinua mgongo cha kuwatosha kununua baiskeli na blanketi, basi. Februari 2019 zilitangazwa nyaraka zinazoonyesha kwamba kiinua mgongo hicho kilipangwa kwa rangi: mwanajeshi Mzungu aliweza kupata hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Risasi ya Mjapani, nadhani, haikuwa na bei mbili. Mwaka mmoja kabla, Machi 2018, serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza karibu pauni milioni 12 kwa ajili ya wapiganaji wa zamani wa nchi za Jumuiya ya Madola walio na shida, lengo wapate milo miwili kwa siku. Milo miwili, wakati wengi wao wamepita miaka tisini. Hesabu mwenyewe ni wangapi walikuwa bado na meno ya kuila.

Nilikuambia ushike namba ya wapagazi. Abercorn walikuwa 3,500, mara tatu ya askari. Na hao ni wa jeshi moja dogo, siku ya mwisho tu. Kwa upande wa Mwingereza wapagazi waliochukuliwa katika vita nzima wanakaribia milioni moja, na makadirio ya waliokufa yanafika karibu 100,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na kichomi, si kwa risasi. Mbelgiji aliyepita Ngara na Biharamulo naye alikuwa nao msururu. Wewe uliyenunua jinsi jana Kariakoo, hilo jina ndilo hilo: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, kambi yao ilikuwa hapo unapokanyaga. Na ile sanamu ya Askari pale mjini, ya mwaka 1927, ukisogea ukasoma maandishi yake utakuta nao wametajwa, wameitwa mikono na miguu ya jeshi. Juu lakini kasimama askari na bunduki yake.

Wengi walikufa kabla ya kulipwa, na ndugu zao hawakujua waende wapi. Hela zile zikabaki serikalini. Baada ya vita walitokea wamishenari na hata maofisa wa kikoloni wakaomba zitumike kwa manufaa ya Waafrika. London ikakataa. Bunge la Ujerumani nalo, lilipopiga kura yake mwaka 1964, lilipigia askari. Mpagazi hakuitwa Mwanza. Kwata hakufundishwa, alifundishwa kubeba tu, na huenda angepewa lile fagio angeuliza uwanja uko upande gani, afagie.